Daktari Trowell: Tabibu Aliyeuona Unene Ukiingia Mijini

Ukipita Kahawa Wendani nyakati za magharibi, kando ya barabara kuu ya Thika, si mbali na Chuo Kikuu cha Kenyatta, utakuta mambo mawili yakitendeka kwa saa ile ile. Chini, njiani, makarai ya mafuta yanachemka: chipsi, sambusa, mandazi, soseji za kupasuliwa na kutiwa kachumbari. Juu, kwenye orofa za majumba ya kupangisha, vijana wanatoka jasho katika vyumba vya mazoezi. Wakimaliza huteremka, na wengi wao huyapitia yale makarai bila kuyatupia jicho, maana kila wanachokila hukiandika kwenye simu. Kipande cha kuku, gramu kadha. Yai, moja. Ugali, kiasi cha ngumi.

Wanavyovihesabu hasa ni vitu vitatu. Kalori, ndiyo nguvu iliyomo chakulani, ambayo ikizidi matumizi hugeuka shahamu mwilini. Protini, ndiyo ijengayo nyama ya mwili. Na sodiamu, ambayo kwa wingi wake yatokana na chumvi. Atakaye kupungua huambiwa ashushe ya kwanza, ailinde ya pili, na aichunge ya tatu.

Hesabu hiyo hudhaniwa kuwa ni mambo ya Marekani yaliyokuja na simu. Lakini msomaji huenda akashangaa kujua kwamba vitu vyote vitatu, kila kimoja kwa zamu yake, vilipita mikononi mwa tabibu mmoja aliyeishi nasi hapa Afrika Mashariki kwa muda wa miaka thelathini. Aliingia Kenya mwaka wa 1929 akakuta watu wembamba. Alipotoka unene ulikuwa ukibisha hodi, na aliporudi kutembea akaukuta umekwisha ingia na kukaa kitako. Jina lake ni Hugh Carey Trowell.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1904, akasomea udaktari London katika hospitali ya St Thomas. Alikuwa mtu wa dini sana, Mkristo wa Kianglikana. Kijana wa miaka ishirini na mitano alipewa kazi katika idara ya matibabu ya serikali ya kikoloni, akaja Kenya pamoja na mkewe Margaret, akawekwa Machakos.

Huyu Bibi Margaret haifai kumpita hivi hivi, hasa katika ukurasa wa utamaduni. Alikuwa amesomea uchoraji na ualimu wa sanaa. Kule Ukambani alivutiwa na kazi za mikono za wenyeji, na walipohamia Uganda alianzisha mwaka wa 1937 mafunzo ya sanaa ambayo yalikuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, iliyopewa jina lake. Humo walipita akina Gregory Maloba, Mkenya aliyeichonga sanamu ya uhuru iliyosimama Kampala, na Sam Ntiro wa Kilimanjaro. Elimo Njau, naye aliyesoma Makerere, ndiye aliyechora michoro mashuhuri katika ukuta wa kanisa la Murang'a, mwendo mfupi tu kupita Thika. Kwa muda mrefu mke alijulikana kuliko mume, na pengine hata leo ni hivyo.

Turudi kwa mume. Mwaka ule wa 1929 na miaka iliyofuata, Kenya ilikuwa imewashughulisha sana watafiti wa chakula. John Boyd Orr, mtaalamu wa Scotland ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na kupata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka wa 1949, alishirikiana na John Gilks, mkuu wa matibabu wa Kenya, kuwapima Wakikuyu na Wamasai. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1931. Wakikuyu walikula nafaka, viazi vitamu na kunde. Wamasai maziwa, nyama na damu. Wanaume wa Kimasai walionekana kuwazidi wa Kikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzani. Basi ikasemwa kwamba protini ndiyo siri.

Wanahistoria wa baadaye wamelitazama jambo hilo kwa jicho kali. Mkikuyu wa siku zile alikuwa amekwisha nyang'anywa sehemu ya ardhi yake. Hizi bara za Kiambu na Thika, pamoja na pale panapoitwa Kahawa, zilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi, na wanaume walikuwa vibarua wa kula posho ya unga. Kumpima mtu wa namna hiyo na mfugaji mwenye ng'ombe wake, kisha ukasema tofauti ni ya vyungu vyao tu, ni kuyafumba macho usione mengi. Hata hivyo ule uchunguzi uliacha alama. Tangu hapo kila daktari wa kikoloni akimwona mgonjwa amekonda, aliwaza protini.

Trowell naye aliwaza, lakini macho yake yaliona pia jambo la pili ambalo wengine hawakulitilia maanani. Aliyatazama maradhi yaliyokuwapo, na aliyatazama yasiyokuwapo. Wodi za Nairobi zilijaa malaria, kifua, kuhara na vidonda. Lakini mgonjwa wa presha? Hakuna. Wa kisukari? Ni nadra mno. Wa mshtuko wa moyo? Hakuna kabisa. Na mtu mnene? Aliwalinganisha watu aliowakuta na Wamisri wa kale waliochorwa katika makaburi ya mafirauni, kwa wembamba wao. Wala haikuwa njaa peke yake, maana aliona kwamba Mwafrika akiandaliwa chakula tele cha kizungu alikula akashiba akakiacha kilichobaki. Tumbo lilikuwa bado linajua kusema basi.

Wenzetu tuliosoma vyuoni tulifunzwa tungali wadogo jinsi ya kuligawa tumbo mafungu matatu, na si chakula kilichopewa yote. Trowell hakuyajua mafunzo hayo. Aliyoyaona kwa macho yake wodini, hata hivyo, hayakuwa mbali nayo.

Hakuwa peke yake katika kuliona hilo. Mwaka ule ule wa 1929 daktari mwenzake, C. P. Donnison, aliyekuwa Kisii, aliandika katika jarida la matabibu la London kwamba katika miaka miwili hospitali yake ilipokea wagonjwa kiasi cha 1,800 na hakumpata hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Akawapima wanaume elfu moja hivi wasiokuwa wagonjwa. Kufikia umri wa miaka arobaini walikuwa sawa na Wazungu. Baada ya hapo presha ya Mzungu hupanda, na ya wale watu ikaelekea kushuka. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba presha ni ada ya uzee. Kisii mwaka wa 1929 haikuwa ada.

MTOTO ALIYEVIMBA

Mwaka wa 1935 Trowell alihamishiwa Uganda, katika hospitali ya Mulago na shule ya udaktari iliyofungamana na Makerere. Huko ndiko alikokaa mpaka alipostaafu, akiwafunza vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja waliokuja kuwa madaktari wa kwanza wa nchi zetu. Na huko ndiko alikopambana na maradhi yaliyompa jina.

Tangu Kenya alikuwa akiwaona watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu wenye hali ya ajabu. Miguu imevimba, uso umejaa kama mwezi, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabambuka kama iliyoungua. Mtoto hachezi, hacheki, hataki kula. Mama akimtazama aliona amenenepa, kumbe ni maji. Wengi walikufa. Madaktari walisema ni minyoo, wengine wakasema ni malaria, wengine wakataja maradhi yasiyofaa kutajwa juu ya mtoto mchanga.

Katika Afrika ya Magharibi, kwenye nchi iitwayo leo Ghana, Dk Cicely Williams alikuwa ameyaeleza maradhi hayo mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akayatangaza kwa jina walilotumia Waga wenyewe: kwashiorkor, ambayo sisi huiita kwashakoo. Ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Akinamama wa Accra walikuwa wameuona uhusiano huo kabla ya daktari yeyote. Bibi Williams kazi yake ilikuwa kuwasikiliza, na hilo si jambo dogo kwa daktari wa zama zile.

Wakuu wa London hawakukubali. Walisema hiyo ni pellagra, maradhi ya kukosa vitamini fulani, yaliyojulikana kwa walao mahindi. Trowell mwenyewe aliifuata njia hiyo, akaandika kwamba ni pellagra ya watoto. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 ile vitamini ya kutibu pellagra ilipatikana. Aliwapa watoto wa Mulago. Hawakupona. Hapo ndipo nimpendapo huyu bwana. Alikuwa amekwisha chapisha maneno yake, jina lake liko chini yake, na wakubwa wako upande wake. Naye akayaacha kwa kuwa watoto walikuwa wakifa mbele ya macho yake.

Mwaka wa 1945, pamoja na daktari Mganda, Dk Eria Muwazi, aliuandika upya ugonjwa ule, safari hii kama utapiamlo mbaya wa aina yake. Mwenzake Jack Davies, aliyekuwa akiwapasua maiti, aligundua kwamba kongosho za watoto wale zimesinyaa na ini limejaa mafuta. Rex Dean alikuja Kampala baada ya vita akiongoza kikosi cha utafiti wa lishe ya watoto. Alikuwa ametoka Ujerumani, alikojaribu kuwalisha watoto kwa vyakula vya mimea. Mwaka wa 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kikubwa juu ya kwashakoo.

Maelezo yao yalikuwa mepesi kufahamika. Mtoto wa Buganda akiachishwa ziwa hulishwa matoke. Ndizi ni wanga na maji. Katika kila gramu 100 protini haifiki gramu 2. Tumbo la mtoto ni dogo, hujaa ndizi kabla mwili haujapata kinachoujenga. Amekula, ameshiba, na anakonda ndani ya uvimbe. Kwa hiyo dawa ni maziwa, maharage, njugu, samaki.

Habari ilienea duniani. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalituma wajumbe wakaizunguka Afrika mwaka wa 1950, wakaiona kwashakoo kila walikokwenda. Meli zikapakia maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Kwa miaka ishirini neno la mabingwa likawa moja: protini, protini. Walizitafuta katika samaki wa kusagwa, katika soya, hata katika vijidudu vinavyooteshwa juu ya mafuta ya petroli.

Kisha mwaka wa 1974 mtaalamu mmoja, Donald McLaren, akaandika kwamba jambo lote lile lilikuwa mpotoko mkubwa. Watoto wengi wa dunia hawakukosa protini peke yake, walikosa chakula. Mwili usipopata kalori za kutosha huichoma ile protini yenyewe kama kuni, na maziwa ya msaada huishia moshi. Ubishi huo haujaisha mpaka leo. Lakini umetuachia hesabu iliyo sawa: gramu moja ya protini ina kalori 4, kama ya wanga, gramu ya mafuta ina 9. Vyote vitatu hutiwa katika mzani mmoja. Mwenye kupunguza mwili akazikata kalori kupita kiasi huula mwili wake mwenyewe, nyama pamoja na shahamu. Na mwenye kuongeza protini juu ya chakula chake cha kawaida, pasipo kupunguza kitu, huongeza kalori vile vile.

Pale Mulago, katika miaka ya 1960, kilianzishwa kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, ambako akinamama hufunzwa kuchanganya matoke na maharage na njugu na mboga katika jani moja la mgomba. Hakuna maziwa ya meli hapo. Kwa maoni yangu kituo hicho ndicho tunda zuri kuliko yote la kazi ile.

Jambo jingine lilijulikana pole pole kutoka kwa watoto wale waliovimba, nalo linahusu chumvi. Mwili wa mtoto mwenye kwashakoo umejaa sodiamu na umepungukiwa na potasiamu. Ukimpa chumvi kwa wingi, au ukimshindilia chakula kwa pupa, moyo hushindwa akafa akiwa mikononi mwako, na wewe wadhani unamwokoa. Ndiyo maana hata leo maji ya dawa apewayo mtoto wa namna hiyo anapohara huwa na sodiamu chache kuliko ya mtoto mwingine, na siku za mwanzo hulishwa kidogo kidogo, protini yenyewe ikiwa haba. Kalori, protini, sodiamu: kwa mtoto wa Mulago mizani ya vitatu hivyo ilikuwa uhai au mauti.

JAJI MMOJA

Mwaka wa 1956 Trowell, pamoja na mwenzake aitwaye Singh, aliandika katika jarida la matabibu la Afrika Mashariki habari fupi isiyojaza kurasa nyingi. Mwafrika mmoja alikuwa amepatwa na maradhi ya mishipa ya moyo, yale ya kifua kubana na moyo kushtuka. Baada ya miaka ishirini na saba ya kutibu, huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa Trowell kumthibitisha. Alikuwa jaji, mtu mnene wa makamo, aliyekula vyakula vya kizungu kwa miaka mingi.

Fikiri, msomaji. Leo hakuna mtaa wa Mombasa, Malindi au Lamu usiokuwa na nyumba iliyoondokewa na mtu kwa moyo. Mwaka wa 1956 kisa kimoja kilistahili kuandikwa jaridani kama muujiza.

Trowell alistaafu miaka michache baadaye, akarudi kwao, na mwaka wa 1960 akatoa kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika. Humo alipanga kwa utaratibu yale aliyoyaona na yale ambayo hakuyaona. Kitabu hakikuvuma. Mwandishi mwenyewe alikuwa amekwisha shika njia nyingine: alitawazwa kasisi, akahudumu kanisani na hospitalini miaka kumi, akiwazuru wagonjwa si kwa kuwapima bali kwa kuwaombea. Aliandika pia juu ya haki ya mgonjwa anayekufa, na kupinga kuuawa kwa wagonjwa kwa jina la huruma. Mtu angedhani habari yake imekwisha.

Mwaka wa 1970 alikuja tena Afrika Mashariki kutembea. Aliyoyaona yalimshtua. Miji ilikuwa na watu wanene, na kila mji mkubwa ulikuwa na kliniki ya kisukari iliyojaa. Aliona kwamba unene na kisukari ni kama pacha: walizaliwa pamoja na wanakua pamoja. Watu walikuwa ni wale wale, damu ile ile. Watoto wa watu wembamba aliowatibu. Kilichobadilika ni sinia.

Kwa bahati, rafiki yake wa Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, ambaye jina lake limepewa saratani ya taya ya watoto, alikuwa akifikiri mambo kama hayo. Burkitt alikuwa amesoma maandishi ya daktari wa jeshi la maji, Peter Cleave, aliyeshutumu sukari na unga mweupe. Wakashikana. Mzee wa miaka sitini na sita akarudi darasani.

Swali lao lilikuwa hili: nini kilichokuwamo katika chakula cha Mwafrika wa 1929 ambacho sasa hakimo? Jibu lao lilikuwa wishwa, makapi, maganda, zile nyuzinyuzi ambazo mama zetu walikuwa wakizipepeta kwa ungo na vinu vya kisasa vikazimaliza kabisa. Ni Trowell aliyezitolea maana ya kitaalamu mwaka wa 1972: masazo ya mmea yasiyoyeyushwa na maji ya tumbo la binadamu. Kabla ya hapo wataalamu walizihesabu kuwa takataka zisizo na kalori, basi hazina faida. Yeye akasema faida yake ni hiyo hiyo. Zinajaza tumbo pasipo kunenepesha, zinamlazimisha mtu kutafuna, zinaichelewesha sukari kuingia damuni.

Mwenzao wa Bristol, Kenneth Heaton, aliliweka jambo hilo katika majaribio mwaka wa 1977. Watu walipewa matufaha mazima, au yaliyopondwa, au maji yake tu, kalori zikiwa sawa. Juisi ilimalizika mara 11 kwa upesi kuliko tufaha lililotafunwa, na wanywaji wakawahi kusikia njaa. Tofauti ya chungwa na gilasi ya maji ya machungwa matano ndiyo hiyo, na meza zetu za futari zajua ni ipi ipendwayo.

Mwaka wa 1975 Trowell na Burkitt walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi, na mwaka wa 1981 kingine juu ya maradhi waliyoyaita ya nchi za Magharibi. Mikate ya ngano nzima iliyojaa madukani Ulaya, na masanduku ya nafaka yenye kusifu nyuzinyuzi, yote yana asili katika wodi za Mulago na Nairobi. Hapo naona palikuwa na kutia chumvi kidogo, kama wasemavyo watu. Nyuzinyuzi haziponyi kila kitu, na baadhi ya madai yao ya mwanzo uchunguzi wa baadaye haukuyathibitisha.

Chumvi yenyewe ilikuwa somo lake la mwisho. Mwaka wa 1980, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, aliandika katika jarida lile lile la Afrika Mashariki historia ya presha kwa Wakenya na Waganda kutoka 1928 mpaka 1978. Katika nusu karne hiyo shinikizo la damu lilitoka katika kutojulikana likawa maradhi ya kawaida ya hospitali zetu. Alizitaja sababu mbili kubwa: uzani ulioongezeka, na chumvi iliyoingia jikoni.

Sisi wa Pwani hatuwezi kujitoa katika kisa hiki. Watu wa bara zamani walitia chakulani majivu ya mimea au magadi, kidogo kidogo, maana chumvi ilikuwa mali. Chumvi nyeupe ya leo ijazayo maduka yao hutoka kwetu, kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni. Na sisi wenyewe tuna ng'onda, papa mkavu, achari, na mchuzi usionoga mpaka uonje mara tatu. Shirika la Afrika Duniani lasema, samahani, la Afya Duniani: mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambazo ni gramu 5 za chumvi, haifiki kijiko cha chai kilichojaa. Humo mna chumvi ya mkate wa asubuhi, ya soseji, ya vidonge vya mchuzi na ya chipsi za njiani.

Hapo ndipo wahesabuji wa Wendani hukosea njia. Mpwa wangu mmoja anayepanga huko alijipunguza kilo saba kwa kuandika kila alichokila. Kalori zilitimia, protini zilitimia. Lakini protini yenyewe ilikuwa soseji, samaki wa mkebe na nyama ya kukaushwa, na mchuzi wa pakiti juu yake. Alipopimwa presha, muuguzi alimtazama usoni mara mbili. Ile safu ya tatu katika simu yake alikuwa hajawahi kuifungua. Kunde, samaki mbichi, mayai na maziwa ya lala vingempa protini ile ile, na chumvi angejitilia mwenyewe kwa mkono wake akijua ametia ngapi.

Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake kiasi cha 45 katika kila 100 wa Kenya, wa umri wa miaka 20 hadi 49, wamezidi uzani unaofaa. Na katika nchi hiyo hiyo watoto 18 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni. Maradhi aliyoanza nayo Trowell na maradhi aliyomaliza nayo yanakaa nyumba moja, pengine yanakula sinia moja.

Bibi Margaret alifariki mwaka wa 1985. Mumewe alimfuata mwaka wa 1989. Mwaka mmoja baada ya kifo chake yalichapishwa matokeo ya uchunguzi ambao angefurahi kuusoma. Dk Neil Poulter na wenzake walikuwa wamewafuata vijana wa Kiluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo presha bado ilikuwa ya chini, wakahamia Nairobi kutafuta kazi. Waliwapima kabla ya kuondoka kwao, wakawapima tena mjini, na wakawapima pia wenzao waliobaki kijijini. Katika miezi michache ya mwanzo tu presha za waliohamia zilikuwa zimepanda kuwazidi waliobaki, na katika mikojo yao sodiamu ilikuwa imeongezeka na potasiamu imepungua.